Shikamoo Chini ya Pangaboi

Kijiko kilikwangua sufuria, kikanyamaza, kikakwangua tena.

Alfajiri ilikuwa bado. Adija alifumbua macho gizani, akajua ni Ma'mdogo Anifa huko jikoni anabandua ukoko wa wali wa jana, tena anabandua kidogo kidogo ili asimwamshe. Akayafumba tena. Mtu akijitahidi hivyo kwa ajili yako, mwachie aamini kwamba amefaulu.

Mwili wake ulikuwa umechoka hata pale kitandani. Msimu wote wa mtama alikuwa akiruka na chombo chake asubuhi na jioni juu ya mashamba, akitafuta vichaka wanamolala kweleakwelea, ndege wala nafaka, ili wapuliza dawa wajue pa kwenda. Sasa mtama ulikuwa umevunwa na kazi imekwisha, lakini mtetemo wa injini ulikuwa haujamtoka mgongoni. Akilala anausikia. Akishika kikombe cha chai, kikombe nacho kinausikia.

Alipotoka na kanga yake mabegani, Ma'mdogo Anifa aligeuka haraka.

"Jamani, nimekuamsha?"

"Hapana, Ma'mdogo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa karibu na jiko, baridi ya mwezi huu haina adabu." Akamsogezea kigoda. "Kwa hiyo leo unakwenda Makutupora?"

"Nakwenda. Nimwombe radhi mama yake Mrisho, halafu niage. Jumatatu nasafiri Rukwa, wamenitaka kwa kazi ya nzige."

"Umwombe radhi tena? Hujachoka wewe?"

"Nimechoka sana."

"Basi kaa! Kila ukienda yule bibi anakuitikia salamu ya Mungu, kwa sababu ile ni lazima aiitikie. Shikamoo yako anaiacha mlangoni kama viatu. Sisi hapa Dodoma babu zetu walikuja na misafara, wakauza chumvi na nguo kwa watu wa kila kabila, sijasikia hata mmoja aliyenyimwa marahaba."

"Nilimpigia kelele mama mtu mzima, Ma'mdogo. Mbele ya vibarua wake."

"Na ungenyamaza, leo angekuwa wapi?"

Adija alinyoosha viganja kwenye jiko. Ma'mdogo alimmiminia chai, akamkatia mkate, akauma midomo kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye fujo.

Mambo yalikuwa hivi. Chombo anachorusha Adija si helikopta, ingawa ukikiona kwa mbali utasema ni helikopta iliyosahau kuvaa nguo. Viti viwili, kimoja mbele ya kingine. Hakuna mlango wala paa. Nyuma kuna pangaboi dogo linalosukuma, na juu ya kichwa kuna pangaboi kubwa la mapanga mawili marefu. Jina lake jairo. Watu wa Makutupora waliona jina hilo ni la kizungu mno, wakakiita bodaboda ya angani, na Adija mwenyewe akakubali, maana upepo unakupiga usoni vilevile na wadudu unawala vilevile.

Mrisho alimpa njia ya kutua. Ilikuwa barabara ya vumbi iliyonyooka kando ya shamba lake la zabibu, ambayo malori huipita wakati wa mavuno tu. Hakuomba chochote. Ila kila asubuhi Adija alipotua hapo, alikuta chupa ya chai juu ya jiwe, na kikombe kimefunikwa kwa jani la mzabibu ili vumbi lisiingie. Wiki nzima ilipita kabla hajajua nani anayeiweka. Alipomjua, alikuwa tayari ameshampenda yule mwenye kufunika kikombe, na ikawa bahati kwamba alikuwa na macho mapole pia.

Mrisho alikuwa mtu wa makamo, amefiwa na mkewe. Watu wao ni wa Kondoa, wa milimani, walihamia Makutupora kwa ajili ya zabibu. Alipomwambia mama yake kwamba anataka kupeleka posa Dodoma mjini, mama alinyamaza siku nzima, kisha akasema, "Mlete kwanza nimwone."

Kabla hajapelekwa, injini ikazima.

Ilizima asubuhi kweupe, juu ya mizabibu, kwa sababu ya uchafu mdogo ulioziba bomba la mafuta. Kelele yote ikakatika. Kule chini vibarua wakainua vichwa, wakapiga yowe. Adija hakupiga yowe. Alishusha pua ya chombo taratibu, akaitazama ile barabara, akateremka. Karibu na ardhi akavuta fimbo ya usukani, na jairo likakaa chini kama kuku anayekalia mayai. Likabingirika kidogo. Likasimama.

Hapo ndipo alipomwona mwanamke mzee anakuja mbio kutoka nyumbani, kanga moja mkononi, anakuja moja kwa moja. Injini kimya. Mama yule alidhani chombo kimekufa chote. Lakini lile pangaboi la juu lilikuwa bado linazunguka, na breki yake haikamatwi kwa nguvu likiwa lina kasi. Likianza kuchoka ndipo linapokuwa baya, mapanga yanalegea, yanainama, upepo kidogo ukiyakuta yanashuka hadi usawa wa kichwa cha mtu.

"Kaa chini!" Adija alipiga kelele kwa sauti yake yote. "Wewe mama! Kaa chini! Chini!"

Mama akakaa. Alikaa vumbini, miguu mbele, kama mtoto aliyechapwa, na vibarua wake wote wakaona. Na mapanga yalipokwisha kusimama, Adija akaja mbio, akapiga magoti, "Shikamoo mama, nisamehe mama." Mama yake Mrisho, Bi Swaumu, alisimama, akajipangusa vumbi, akarudi nyumbani bila kugeuka.

Tangu siku ile hajaitikia shikamoo yake.

Asubuhi hii ya kuaga, bajaji ilimchukua Adija mtaani Area D jua likiwa limeshachomoza. Alimwambia dereva anakokwenda, kisha usingizi ukamshika njiani. Alipozinduka aliikuta mizabibu kulia na kushoto, na dereva alikuwa anaendesha polepole mno, akikwepa kila shimo.

"Mbona taratibu hivi, kaka?"

"Ulikuwa umelala, dada. Nikasema nisikurusherushe."

Adija alitaka kucheka, akajikuta machozi yamemlenga. Ndivyo uchovu ulivyo. Ukikutana na wema mdogo tu unamwagika.

Mrisho alikuwa anamngoja mwanzoni mwa shamba. Alimtazama kuanzia kwenye mtandio mpaka kwenye viatu vyenye vumbi, akavua sweta lake akamwekea mabegani.

"Umekonda."

"Nimechoka. Kukonda ni kitu kingine."

"Chupa yako iko pale jiweni. Nimeiweka asubuhi."

"Mrisho, mimi sitatua tena hapa. Jairo limeshafungwa kwenye lori."

"Najua. Mkono umezoea."

Walitembea katikati ya mistari ya mizabibu. Vichala vilikuwa bado vya kijani, vigumu. Mrisho alikuwa akivigusa kimoja kimoja akipita, bila kuviangalia.

"Unakumbuka," akasema, "siku niliyokupungia mkono nikakuomba usimame hapo juu nikuone vizuri?"

"Nikakwambia nikisimama nashuka."

"Nilidhani unaringa."

"Kweli siwezi. Helikopta ndiyo inasimama, injini yake inalizungusha pangaboi la juu. Langu mimi linazungushwa na upepo. Injini ni ya kunisukuma mbele tu. Nisipokwenda, upepo hauingii."

"Na mimi nataka usiende." Alisimama. "Usiende Rukwa, Adija."

"Nikae nikifanya nini? Ningoje marahaba?"

"Nitaleta posa. Baba mkubwa amekubali kuwa mshenga. Mama atazoea."

"Usimalizie hilo." Adija aliinua mkono. Macho yao yalikutana, na yeye ndiye aliyeyashusha kwanza. "Nakupenda, na wewe unajua. Lakini siingii nyumba ambayo mwenyewe hajanikaribisha. Kila nikipika, ataona vumbi lile. Kila ukicheka na mimi, utajiona umemtupa mama yako. Mimi nimezoea kubeba mzigo, huo siuwezi."

Mrisho alichuma jani moja la mzabibu, akalishika tu.

Bi Swaumu alikuwa uani, ameketi mkekani, anachambua kunde kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mwembamba, kichwa amekifunga vizuri, na kila kitu kilichomzunguka kilikuwa kimefagiwa. Adija alivua viatu mbali.

"Asalaam aleykum, mama."

"Waaleykum salaam."

"Shikamoo."

Kunde zilianguka kwenye ungo. Moja, nyingine. Mrisho alikohoa.

"Usinikoholee," mama yake akasema. "Kama una kifua, nenda ukanywe maji."

Mrisho alikwenda mpaka mlangoni, akasimama hapohapo. Adija aliketi pembeni ya mkeka, nusu ya mwili nje. Alikuwa ameandaa maneno mengi usiku, lakini sasa hayakuja, akasema yaliyobaki.

"Mama, nimekuja kuaga. Jumatatu nakwenda Rukwa. Sikuja kumwomba Mrisho wala kukuomba wewe mtoto wako. Nimekuja kwa ajili ya ile siku. Nilikutolea sauti ambayo sijawahi kumtolea mtu mzima. Nisamehe. Sina jingine."

Bi Swaumu alitupa punje iliyooza nje ya mkeka.

"Unajua nilikuwa nakuja kufanya nini, binti?"

"Nilidhani ulikuwa unakuja kunigombeza."

"Kukugombeza!" Ungo ukawekwa chini. "Niko jikoni, nasikia ngurumo yako kama kila siku. Mara kimya. Nikatoka. Nikakuona unateremka, nikasema huyo binti wa watu anakufa kwenye shamba langu, mama yake yuko mbali, hakuna hata mtu wa kumshika kichwa. Nikavuta kanga ya kumsitiri. Nikasema nikimkuta ana pumzi nimtamkishe shahada, asiondoke peke yake. Vibarua wote wameganda, mimi na magoti yangu haya nakimbia. Nafika, maiti ananiambia kaa chini!"

Mlangoni, Mrisho alijishika mdomo.

Adija alimtazama yule mama. Muda wote ule alikuwa amebeba picha ya mwanamke mkali anayekuja kumgombeza. Kanga ile aliiona, hakuwahi kujiuliza ni ya nini.

"Ulikuwa unakuja kunitamkisha shahada," akasema polepole.

"Ningekuachaje?"

"Mama, na mimi nilikuwa nakuona unakuja kwenye mapanga. Yalikuwa yameshaanza kulegea. Hatua chache zaidi yangekukata. Sikukumbuka shikamoo. Sikukumbuka hata jina la Mungu. Nilikumbuka neno moja tu."

"Mapanga gani, na kelele ilikuwa imekwisha? Kitu kimezimwa."

"Injini ndiyo ilikuwa imezima. Lile la juu halina habari na injini."

"Usinifanye mtoto. Lile pangaboi la sebuleni, nikizima linasimama."

"Linasimama palepale?"

Bi Swaumu alifikiri. "Linajikokota kwanza," akakiri.

"Langu ni kubwa kuliko lile, linajikokota zaidi. Nikitaka kuruka, injini inalishika kidogo, inalichangamsha, kisha inaliachia. Halafu nakimbia barabarani, upepo unaingia kwa chini yake, linajizungusha. Ghafla nasikia magurudumu yamekuwa mepesi, nimeshaondoka."

"Na injini ikifa?"

"Nashuka. Ninaposhuka, upepo unatoka chini unapita katikati ya mapanga, yanaendelea kuzunguka. Siwezi kupanda tena, lakini sianguki. Nachagua pa kukaa, basi."

"Siku ile hapakuwa na upepo. Majani yalikuwa yametulia."

"Upepo wa kushuka kwenyewe, mama. Ule ninaokutana nao njiani."

Mkono wa Bi Swaumu, wenye vidole vya mtu aliyelima maisha yote, uliinuka juu ya ungo na kushuka taratibu huku kiganja kikizunguka.

"Kama mbegu ya mlama," akasema.

"Sijui mlama, mama. Mimi wa mjini."

"Kwetu milimani Kondoa iko tele. Mbegu yake ina mabawa makavu, mekundu. Tulikuwa watoto, tunapanda juu ya mwamba, tunazirusha. Haina injini ile. Haina mtu. Inazunguka mpaka chini, inakaa." Mkono ulikuwa bado unazunguka peke yake. "Nilikuona unavyokuja siku ile. Nikajisemea mbona hii haianguki kama kitu kinachoanguka. Kisha hofu ikanijaa, nikasahau."

"Ndivyo hasa."

"Na kipi kinachokuua kule juu, basi? Usinidanganye. Mimi siozeshi mwanangu kwa maneno matamu."

Adija alishangaa kusikia neno hilo la kuozesha, lakini hakuligusa. Alijibu swali aliloulizwa.

"Pupa. Mwalimu wangu Kefa alinitia hilo kichwani kabla hajaniruhusu kugusa chochote. Chombo kinapokuwa kimening'inia chini ya mapanga, uzito wake ndio unaoyafanya yapate upepo. Mtu akisukuma fimbo mbele kwa ghafla, chombo kinakuwa hakina uzito, kama gari likiruka tuta. Mapanga yanakosa kazi, yanapungua kasi, na hayarudi tena. Hapo hakuna mbegu wala mlama. Kwa hiyo mimi sisukumi. Nakwenda taratibu na mzigo wangu. Vijana wananicheka kwamba narusha kama bibi."

"Hata bibi wana akili zao."

"Ndiyo, mama."

Bi Swaumu aliuvuta ungo, lakini hakuchambua.

"Nasra aliugua ndani ya nyumba hii," akasema, na Mrisho mlangoni akainamisha kichwa kusikia jina la marehemu mkewe. "Hakuruka popote. Alikuwa hapa chini na sisi, tunampikia uji, na tukamzika. Huyu mwanangu alikaa na njaa, hasemi, hali. Nikamlea upya kama mtoto. Wewe ulipokuja na dude lako nikasema, huyu naye atazikwa, na mimi sina tena nguvu za kumlea mtu mara ya tatu. Halafu ukanikalisha vumbini. Nikafurahi."

"Ulifurahi, mama?"

"Nikapata sababu. Kukasirika ni kwepesi kuliko kuogopa. Kukasirika unalala usingizi."

Kuku alipita karibu na mkeka akanyemelea kunde, na Adija, bila kuwaza, akanyoosha mkono akamfukuza kwa upole, akaokota punje mbili zilizokuwa zimedondoka, akazirudisha kwenye ungo. Kisha akaanza kuchambua. Walichambua pamoja, vichwa vimeinama. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kazi ile ndogo ilimpumzisha.

Ungo ulipokwisha, akasimama.

"Mama, niruhusu niende. Bajaji inanisubiri barabarani."

"Huko Rukwa utakaa sana?"

"Mpaka nzige waishe. Labda kabla ya mavuno ya zabibu."

"Kuna baridi?"

"Juu huko kuna baridi kila mahali."

Bi Swaumu aliinuka kwa kujishika goti, akaingia ndani. Mrisho na Adija walibaki wakitazamana, kila mmoja akiogopa kuuliza. Mama alirudi na kanga iliyokunjwa. Adija aliitambua. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, ila kwenye pindo moja vumbi jekundu la ile barabara lilikuwa limegoma kutoka.

"Nilikuletea siku ile, ukaniacha nayo mkononi. Jifunge kifuani unaporuka. Bado ni ya kukusitiri, lakini sasa ukiwa mzima."

Adija aliipokea kwa mikono miwili. Aliibana kifuani. Aligeuka akavaa viatu vyake, akapiga hatua kuelekea njiani, Mrisho akimfuata nyuma na chupa ya chai.

"Marahaba," sauti ikasema nyuma yao.

Wote wawili wakasimama.

"Naitikia ya asubuhi," Bi Swaumu akasema, anakung'uta ungo. "Na ile ya vumbini. Nimechoka kuzihifadhi." Akawatazama, kisha akamtazama Adija peke yake. "Uje tena, mwanangu. Mavuno yakianza, uje. Uje hata na lile dude. Mimi nikiliona linashuka, nitakaa chini mwenyewe, hutanipigia kelele. Lakini uje."